Upande wa Pili wa Kanda

Dar es Salaam
4 Juni 2001

Yasinta wangu,

Bahasha imenona, na najua ukiipokea utatafuta kwanza mahali pa kukaa. Usikae. Hakuna msiba. Kuna jambo zuri mpaka nimeshindwa kungoja Jumapili. Naandika hapa hapa kazini, bosi akipita nafunika kwa kiganja kama tulivyokuwa tukifanya bwenini wakati wa kujisomea.

Nilishakwambia kampuni yetu inatengeneza kurasa za intaneti. Mwaka huu tumepata kibanda kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, na bosi wetu, Bwana Fabiano, anataka kitu cha kusimamisha wapita njia. Kurasa zenye picha kila mtu anazo. Yeye anataka ukurasa unaoimba. Si kwamba ubonyeze kitufe, hapana. Unafungua, unasoma yako, na nyuma ya maneno watu wanaimba, kama redio ya mama lishe inavyoimba wakati wewe unakula wali wako.

Mpaka sasa sauti kwenye intaneti ilikuwa maji ya ndoo. Unakaa unasubiri ijae ndipo uondoke nayo, na kwa simu zetu hizi unaweza kusinzia. Hii njia mpya ni bomba lenyewe, unakinga mdomo na kunywa huku yanakuja. Wimbo unafika kipande kipande, na kipande cha kwanza kinasikika wakati cha pili bado kiko njiani. Nilipoiona ikifanya kazi nilipiga kelele, Yasinta. Mhasibu akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme.

Bosi akauliza, "Nani ana bidhaa ya kuweka kwenye ukurasa huo wa mfano?" Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema: asali ya Itigi, ya kikundi cha akina mama cha rafiki yangu. Akakubali! Bure kabisa!

Sasa nataka sauti zenu. Wimbo mnaoimba mkichuja asali, urekodi kwenye kanda, unitumie kwa treni. Nieleze na habari za kikundi niziandike. Upesi, kabla bosi hajageuka na kuweka ngoma ya kukodi.

Nisalimie shemeji Nathan.

Mwenzio wa kitanda cha juu,
Scola


Itigi
11 Juni 2001

Scola,

Barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu na mara ya tatu mbele ya kikundi, chini ya paa la kuchujia. Niliposema mtu aliye Ulaya atatusikia, mama mmoja akavua kilemba akakifunga upya. Nikamwambia ni sauti tu, hawatuoni. Akasema, "Hata hivyo."

Tumerekodi jana mchana kwa redio ya Nathan. Anayeongoza ni Anastazia, jirani yangu. Sauti yake ukiisikia mara moja hutaisahau, ina mkwaruzo mdogo, kama mtu aliyetoka kucheka. Tuliimba ule wa kuchujia wote, mwanzo mpaka mwisho. Bahati mbaya treni ya mizigo ilipita katikati, lakini tuliendelea, hatukuiachia nafasi.

Habari za kikundi andika hivi: Mwenyekiti ni Bwana Gasto, mume wa Anastazia. Mizinga ni ya kwake, imetundikwa huko porini kwenye kichaka, na anapanda mwenyewe kurina. Sisi akina mama tunachuja, tunafunga, tunauza stesheni abiria wanaposhuka kunyoosha miguu. Andika hivyo hivyo, usiongeze.

Baada ya kurekodi tulikunywa chai, tukageuza kanda tuone kama upande wa pili una kitu cha zamani. Anastazia alibonyezabonyeza vitufe, hakuna kilicholia, tukaiacha tukaendelea na mambo yetu. Kama humo ndani kuna nyimbo za dansi za Nathan usizifute, atanidai.

Kanda nampa mpishi wa behewa la chakula, anaitwa Paulo, anamfahamu Nathan. Mfuate stesheni, mtambue kwa kofia nyeupe.

Scola, mimi kusema kweli sijalala vizuri. Furaha.

Wa kitanda cha chini,
Yasinta


Dar es Salaam
18 Juni 2001

Yasinta!

Kanda ninayo! Paulo aliificha ndani ya debe la mchele, ikaja salama na punje tatu nne kwenye magurudumu yake.

Nianze na habari mbaya niimalize. Upande wa kwanza haufai. Hiyo treni yenu ya mizigo haikupita, ilikaa. Ninyi mnaimba na yenyewe inaimba, na ikishaondoka anakuja mbuzi. Bosi alisikiliza akasema, "Huu ni wimbo wa reli." Nikataka kulia.

Halafu nikageuza kanda.

Yasinta, kwa nini hukuniambia? Upande wa pili mpo! Mko karibu na kinasa sauti kabisa, vikombe vinasikika, mtu anacheka, kisha ile sauti yenye mkwaruzo inaanza taratibu na ninyi wote mnaitikia, makofi yanaingia, mnapanda, mnapanda, mpaka mwisho mnapiga vigelegele. Nywele zilinisimama. Bosi alitoka ofisini kwake akasimama mlangoni. Ulipokwisha akasema, "Huo."

Usidhani sikuelewa. Sisi Wanyiramba na ninyi Wanyaturu tu majirani, nimeshika neno hapa na neno pale: nyuki, kamba, juu, mwenye mizinga. Nimesikia na jina la Gasto likiitwaitwa. Nimemweleza bosi kwamba ni wimbo wa zamani wa kuwaomba nyuki wampokee mrinaji kwa amani. Ameguswa sana. Amesema tuandike chini ya picha: "Sala ya nyuki."

Ila sitaki kuutumia bila ruhusa yenu, huenda ni wa mila. Nijibu haraka, hata kwa simu ya maandishi, maana Sabasaba imekaribia na kazi ya kuubana wimbo upite kwenye waya wa simu si ndogo.

Scola


SIMU YA MAANDISHI
Itigi, 26 Juni 2001

TOA WIMBO UPANDE WA PILI HARAKA SANA. BARUA YAJA. YASINTA


Dar es Salaam
28 Juni 2001

Yasinta mpenzi,

Nimeutoa! Simu yako imefika jana mchana, nikaisoma kwa sauti ofisini, "Toa wimbo, haraka sana," na watu wakapiga makofi. Nilijua hamtaninyima.

Nikueleze nilivyofanya. Nimeunganisha redio na kompyuta kwa waya, nikaucheza wimbo mzima, kompyuta ikaunasa. Ulikuwa mnene mno, ukaanza kukatika kila baada ya mstari, kama mtu anayeongea huku anapanda mlima. Nikaubana. Ukawa mwembamba, Anastazia akasikika kama yuko ndani ya chupa. Nikaulegeza kidogo. Tumeshinda hapo kutwa nzima, mimi na fundi wa simu, tunabana na kulegeza, mpaka tukapata kipimo ambacho sauti inapita bila kukatika na mkwaruzo wake bado upo. Kisha nikauambia ukurasa ungoje kidogo kabla ya kuanza, ujaze kifua kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa.

Mwisho nikaandika ule mstari wa kuuamuru uanze wenyewe, na ukiisha ujirudie. Nikafunga kila kitu. Nikafungua upya kama mgeni. Picha ya mzinga ikashuka polepole, maneno yakaja, kimya. Kimya. Halafu kikombe kikagonga sahani, na Anastazia akaanza.

Sasa hivi ninavyokuandikia, mtu yeyote popote pale akifungua ukurasa huo anawasikia. Na kwa kuwa umesema haraka sana, nimeongeza kitu: bosi amekodi spika kubwa mbili za kibandani.

Mshike mkono Anastazia kwa niaba yangu.

Scola


Itigi
26 Juni 2001

Scola,

Leo asubuhi nimekutumia simu ya maandishi uondoe huo wimbo kwenye mipango yenu, na hii nakuandikia nikueleze kwa nini. Natumaini umeshauondoa. Barua yako ilichelewa, nimeipokea jana, na nilipofika kwenye "Sala ya nyuki" nilikaa chini palepale mlangoni mwa posta.

Si sala, Scola. Ni wimbo wetu wa utani, tunaimba wenyewe tu, wanaume wakiwa mbali. Hatukujua kanda inanasa. Kumbe Anastazia alibonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodi.

Ulivyo kwa Kiswahili ni hivi:

Gasto, Gasto, shika kamba vizuri,
nyuki wanauliza mwenye mizinga yuko wapi.
Waambie yuko juu, amevaa suruali yako,
waambie yuko juu, kitenge amekuachia wewe.

Na yapo ya waume wengine. Wangu: "Nathan akikoroma abiria wanakusanya mizigo." Hilo ni la kucheka. La Gasto si la kucheka.

Nilikudanganya kwenye barua, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana kumwambia kila mtu. Gasto hapandi. Mwaka juzi nyuki walimvamia juu ya mti, akaanguka, akavimba mpaka macho yakapotea. Alilazwa kwa masista hospitalini, Anastazia akishinda pale anamlisha kwa kijiko. Aliporudi nyumbani hakuweza tena. Akisikia mvumo tu mikono inatetemeka. Basi Anastazia akavaa suruali yake, akapanda. Mara ya kwanza alipanda ili mizinga isipotee, siku hizi anapanda kwa sababu anaweza. Wanatoka alfajiri pamoja, watu wanamwona Gasto na moshi na kamba, wanasalimia mrinaji. Mke anapanda, mume anavuta kamba na kushusha ndoo. Hapa kwetu mwanamke kupanda mti na suruali, wazee watasema nini? Na mwanamume aliyekaa chini watamwita nani?

Huo wimbo ni wa Anastazia mwenyewe, ameutunga. Anamtania mumewe kwa sababu anampenda. Lakini ameuimba kwetu, si kwa dunia. Hajui bado kwamba upo kwenye kanda. Sijathubutu kumwambia.

Uondoe, Scola. Hata kama bosi amekasirika.

Yasinta


Dar es Salaam
9 Julai 2001

Yasinta,

Sijui nianzie wapi. Nina aibu na nina furaha, na vyote vinagombania kalamu.

Barua yako imenifikia juzi jioni, baada ya kila kitu. Simu yako niliielewa vibaya. Toa! Mimi kichwani mwangu ni wasanii tu wanaotoa nyimbo. Nikautoa kweli, kwa spika mbili.

Sikiliza ilivyokuwa. Siku ile ya Sabasaba yenyewe watu ni wengi mpaka vumbi linakaa hewani. Wimbo wenu unazunguka tangu asubuhi, watu wanasimama, wanatikisa vichwa kwa heshima, bosi anawaeleza habari za sala. Mara anapita mzee mmoja na kofia ya pama, ametoka banda la mifugo. Anasimama. Anainamisha sikio. Anaanza kutikisika mabega. Nikadhani anaumwa, nikamletea kiti.

"Shikamoo mzee. Unajisikiaje?"

"Marahaba, binti. Hebu niambie, aliyewapa hii sala ni nani?"

Nikajibu kwa madaha, "Ni ya akina mama wa Itigi."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Anaitwa Mzee Stanley, kwao Ikungi. Bosi, bila kujua, akamwomba atafsiri watu wasikie. Yasinta, alitafsiri! Mstari kwa mstari, kwa sauti ya kuhutubia. Ulipofika wa suruali watu walishika mbavu. Wanawake waliokuwa wanapita wakarudi. Wimbo ukajirudia, na mara ya tatu umati unaitikia "yuko juu!" bila kujua Kinyaturu hata neno.

Katikati ya vicheko, mama mmoja wa makamo hakucheka. Mama Felista, ananunua asali na kuisafirisha nje. Akanisogelea akauliza, "Hapa mmeandika mwenyekiti anapanda mwenyewe. Wimbo unasema mkewe. Kipi ni kweli?" Nikasema sijui, na wakati huo nilikuwa kweli sijui. Akasema, "Mimi nataka kufanya biashara na anayepanda. Huyo ndiye anayejua asali yangu imetoka mti gani." Anakuja Itigi mwisho wa mwezi huu, ameshakata tiketi.

Nilipoisoma barua yako nilikimbia kibandani nikavuta waya mwenyewe. Bosi alifoka, nikamwacha afoke. Usiku huo huo nimeufuta kwenye ukurasa. Sasa uko kimya, na watu wanatuandikia wakiuliza waimbaji wamekwenda wapi.

Ila jana stesheni nilimwona Mzee Stanley akipanda treni kurudi kwao, na behewa lote linaimba. Baadhi wanakuja mpaka huko kwenu. Mwambie Anastazia kabla hawajashuka. Nisamehe.

Scola


Itigi
19 Julai 2001

Scola,

Barua yako imekuja nyuma ya treni. Wimbo ulishuka kwanza. Vijana wa Kigoma waliuimba dirishani kwa matamshi ya ajabu, lakini jina la Gasto walilitamka vizuri sana, na Gasto alikuwa amesimama palepale na madumu ya asali.

Aliweka madumu chini taratibu, asiyamwage. Akaondoka. Yuko Manyoni kwa kaka yake, na hajatuma salamu.

Anastazia haimbi. Amekuja kwangu, amekaa, ameniangalia, akasema, "Ninyi mlijua tangu lini kwamba kanda ilitunasa?" Wazee wameshamwita kumuuliza habari za suruali. Nathan naye hanikoromei tena. Amelala macho wiki hii, eti abiria wasije wakakusanya mizigo. Nisingekuwa na huzuni ningecheka.

Mama Felista anakuja na sijui nani atampokea. Nina hasira na wewe, na nina hasira na mimi, na siwezi kuzitenganisha.

Yasinta


Dar es Salaam
24 Julai 2001

Yasinta,

Hasira hiyo nimeipokea, ni yangu. Sitajitetea.

Nilitaka kumwandikia Mama Felista asije. Nimekaa na karatasi, nimeshindwa. Alivyouliza lile swali hakuuliza kwa dharau. Mpe Anastazia nafasi ya kuchagua: kama hataki kuonana naye, niambie kwa simu na mimi nitamfuata mgeni mpaka stesheni kumzuia. Andika "asije" au "aje", maneno hayo nayaelewa.

Scola


SIMU YA MAANDISHI
Itigi, 28 Julai 2001

ANASTAZIA ASEMA AJE. YASINTA


Itigi
5 Agosti 2001

Scola, Scola, Scola!

Kaa chini wewe sasa.

Mama Felista alishuka treni ya Jumanne na viatu vya kutembelea porini, si vya ofisini. Tulikuwa tumekusanyika chini ya paa la kuchujia, kikundi chote, na wazee wawili waliokuja kuhakikisha hakuna kitakachosemwa. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa wazi. Hakuna aliyekigusa.

Mgeni akasalimia wazee kwa adabu, shikamoo zote zikaisha, akauliza bila kuzunguka, "Nani anapanda?"

Mzee mmoja akaanza, "Mwenyekiti amesafiri kidogo, yeye ndiye..."

Anastazia akainuka. Nilimwona anavuta pumzi. Na kabla hajafungua mdomo sauti ikatoka nyuma yetu:

"Anapanda mke wangu."

Ni Gasto. Ameshuka lori la Manyoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, begi bado liko begani. Alikuja mpaka mbele, hakukikalia kile kiti, alisimama ubavuni kwa Anastazia.

"Mimi nyuki walinishinda," akasema. "Nilianguka, wote hapa mnajua nilivimba. Hamjui kilichofuata. Alipanda yeye. Mimi nashika kamba. Na kamba nashika vizuri, ingawa wimbo wenu unaniambia nishike vizuri kana kwamba sijui." Akamgeukia mkewe. "Umewahi kuanguka?"

"Sijawahi," akasema Anastazia.

"Basi."

Mzee mmoja akakohoa, akauliza, na suruali? Gasto akasema, "Shikamoo mzee. Suruali ni yangu, nimempa." Mama Felista akasema yeye mwenyewe anayo moja ndani ya begi lake. Scola, wale wazee waliangaliana, halafu mmoja akaanza kucheka chini chini, na mwenzake hakupata namna ila kumfuata.

Baada ya hapo tulikwenda porini kumwonyesha mgeni. Anastazia alipanda mchana kweupe kwa mara ya kwanza, watu wakiangalia. Gasto alikuwa chini, ameiviringisha kamba mkononi, uso ameuinua wakati wote. Mvumo ulipoanza niliona mikono yake inatetemeka, lakini kamba haikutikisika. Ndoo ya kwanza ilishuka mpaka mikononi mwa Mama Felista, akachovya kidole, akafumba macho.

Tumekubaliana naye. Na kiti cha mwenyekiti tumempa Anastazia, Gasto ndiye aliyepiga kura ya kwanza.

Jioni nilimuuliza Gasto nini kilimrudisha kutoka Manyoni. Akasema kwa kaka yake kila mgeni aliyeingia alimsimulia habari za mwanamke wa Itigi anayerina asali juu ya miti mirefu, na walisimulia kwa kushangaa, si kwa kumcheka. "Nikajikuta natamani kuwaambia ni wangu," akasema. "Na nimekaa nao kimya, kama mwizi."

Sasa ujumbe wa Anastazia, neno kwa neno: wimbo urudishwe. Lakini kwa masharti yake. "Sala ya nyuki" ifutwe, maneno ya Kiswahili yaandikwe yote, na juu yake jina lake aliyetunga. Na ule mstari wa zamani, "anapanda mwenyewe," uandikwe upya ueleze anayepanda na anayeshika kamba.

Nathan ameomba mstari wake ukatwe. Kikundi kimekataa.

Yasinta


Dar es Salaam
14 Agosti 2001

Yasinta,

Wimbo umerudishwa leo saa nne asubuhi. Bosi alinuna alipoona sala imefutwa, kisha akasoma maneno yenyewe, akaenda kumwita mhasibu. Wamesoma pamoja. Sasa ofisi nzima inaitikia "yuko juu" simu ikilia.

Nimeandika kama alivyoagiza. Jina lake nimeliweka juu kabisa, kubwa kuliko la kampuni. Nimeongeza na kitufe kidogo cha kunyamazisha, kwa wanaofungua ukurasa kazini. Mpaka sasa sijasikia aliyekibonyeza.

Nendeni mkasikie wenyewe. Singida mjini kuna mahali pa intaneti wamefungua, kompyuta kadhaa, karibu na stendi.

Wako na furaha ya kupasuka,
Scola


Itigi
3 Septemba 2001

Scola wangu,

Tumekwenda! Mimi, Anastazia, na akina mama wanne, na Gasto ambaye alisema anakuja kununua kamba mpya mjini. Hakununua kamba yoyote.

Chumba ni kidogo, kompyuta zimegeukia ukuta, vijana wanaandika bila kuinua macho. Msimamizi, kijana mwenye tai, alituangalia na vitenge vyetu na vumbi letu la safari akauliza kama tumepotea njia. Nikampa karatasi yenye anwani uliyoandika. Akaandika, akabonyeza, akasema, "Subirini, mtandao uko chini chini leo."

Tukasubiri. Mzinga ukashuka nusu, ukasimama, ukashuka tena. Maneno yakaja. Nikasoma kwa sauti jina la Anastazia, naye akajishika shavu. Sauti hakuna. Kijana akasema labda spika ni mbovu. Gasto akasema, "Ngoja, inajaza kifua." Yaani barua zako zote anazijua, namwazima mkewe humsomea.

Halafu kikombe kikagonga sahani.

Scola, sijui nikuambieje. Nimeimba maisha yangu yote na sijawahi kuisikia sauti yangu. Nilijitambua mimi mwenyewe, wa tatu kutoka mwisho, nachelewa kuitikia kama kawaida yangu. Mama wa kilemba akalia. Anastazia alikuwa amesimama wima, midomo imefungwa, anasikiliza kama anayesikiliza mtu mwingine, mgeni anayemhukumu. Ulipofika mstari wa Gasto alimtazama mumewe. Gasto alikuwa anatabasamu, macho sakafuni.

Wimbo ulipojirudia, hakuweza tena. Akaanza. Akaimba juu ya sauti yake mwenyewe, yeye wa chumbani na yeye wa ndani ya kompyuta, mkwaruzo juu ya mkwaruzo, na sisi tukaitikia pande zote mbili, makofi na vigelegele, vijana wote wamegeuza viti, mlangoni watu wa stendi wamejaa.

Yule msimamizi akaja mbio, tai imepanda begani. "Jamani mama zangu, tafadhali, hapa ni mahali pa kazi, nyamazeni!"

Anastazia hakuacha kupiga makofi. Akaionyesha kompyuta kwa kidevu, akamwambia, "Mnyamazishe huyu kwanza. Yeye ndiye aliyeanza."

Wa kitanda cha chini,
Yasinta